Córdoba kwa miguu: namna ya kuizunguka bila kuungua jua wala kumaliza hela

Wadau wa Dom mnaobahatika safari ya Hispania, wa UDOM mnaoenda kozi, wa wizarani mnaoenda mikutano Madrid, na nyie wachache mnaokwenda kwa hela yenu wenyewe, mkipata siku moja na nusu ya ziada msiimalizie madukani wala kwenye uwanja wa mpira kupiga picha na jezi. Pandeni treni mshuke kusini, Córdoba. Mji wa kale ni mdogo, unatembeleka wote kwa miguu, na humo ndani Warumi, Waislamu, Wayahudi na Wakristo wamejenga juu ya kazi za wenzao kwa miaka kama elfu mbili hivi, mpaka unapata ukuta mmoja una watu watatu ndani yake. Ila una utaratibu wake. Ukiuingia kichwakichwa saa sita mchana utaishia kuungua jua, kupanga foleni na kula chakula cha bei ya watalii, alafu unarudi kusema hamna kitu.

Habari za viza sizirefushi. Ni Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie matibabu ya euro 30,000. Ukishafika Madrid, treni za mwendokasi zinatoka stesheni ya Atocha na unafika Córdoba kwa chini ya masaa mawili. Reli hiyo ipo tangu 1992, kwa hiyo wenzetu walianza kitambo, ila na sisi saa hizi tukipanda SGR kwenda Dar hatushangai sana. Kampuni zipo kadhaa kwenye njia hiyo hiyo, Renfe, Iryo na Ouigo, linganisha bei na ukate mapema maana tiketi ya dakika za mwisho inauma. Toka stesheni mpaka mji wa kale ni mwendo wa dakika kama 25 kwa miguu, tambarare, huna haja ya teksi labda uwe na mizigo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, lala usiku mmoja. Wengi wanakuja na treni ya asubuhi wanaondoka jioni, yaani wanaupata mji ule saa zake mbaya tu. Córdoba ni mji wa alfajiri na usiku, katikati unalala na wewe unalala. Na msijidanganye kwamba sisi wa Dom tumezoea jua, jua letu lina upepo, la kule mwezi wa 7 na wa 8 joto linavuka nyuzi 40 na vichochoro vinakuwa havina hata kaupepo kanakopita. Nenda Machi mpaka Mei au Oktoba na Novemba. Na kama una uhuru wa kuchagua siku, epuka Jumatatu, sehemu kibao zinafungwa ikiwemo ile ngome ya wafalme na sinagogi.

Viatu pia. Barabara za ndani zimetandazwa mawe madogo ya mtoni, yamelainika kwa kukanyagwa, mvua ikinyesha yanateleza na yakikauka yanaumiza nyayo. Raba za kawaida zinatosha, visigino acha Madrid.

Haya, tuanze. Amka mapema, uvuke daraja la Kirumi kwenda upande wa pili wa mto Guadalquivir, ule usio na mji wa kale, alafu ugeuke. Najua inaonekana kama kazi ya bure kuvuka ili urudi, lakini ndo namna ya kuuona mji kama alivyouona mtu aliyekuwa anafika miaka hiyo, mto mbele, daraja, geti, na nyuma yake ule ukuta mkubwa wa msikiti wa kale, ambao sasa ni kanisa, wenye mnara wa kengele. Daraja lina matao 16 na lilianza enzi za Warumi, karne ya kwanza kabla ya Kristo, ila usidhani kila jiwe ni la Kirumi, limerekebishwa na kila aliyetawala na mawe mengi unayokanyaga ni ya baadaye. Magari yalipita hapo hapo mpaka mwaka 2004, sasa ni la waenda kwa miguu tu. Upande ulioko kuna mnara unaitwa Calahorra, ulikuwa wa kulinda daraja, ndani saa hizi ni makumbusho kuhusu maisha ya Waislamu, Wayahudi na Wakristo walipokaa pamoja. Asubuhi hiyo unakuwa bado umefungwa, wala usihuzunike, kazi yako ni daraja.

Katikati ya daraja kuna sanamu ya malaika Rafael ya mwaka 1651, wenyeji wanamhesabu mlinzi wa mji na utakuta mishumaa miguuni pake. Ukiangalia mtoni utaona gurudumu kubwa la maji la mbao linaitwa Albolafia. La sasa ni la kutengenezwa upya, la zamani lilikuwa linapandisha maji, na inasimuliwa kwamba Malkia Isabel wa Hispania aliamuru ling'olewe kwa sababu lilikuwa linapiga kelele usiku hapati usingizi. Kama ni kweli basi wenye nyumba karibu na mashine za kusaga watamwelewa.

Sasa muda. Fanya ufike mlango wa msikiti kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, wao wanaandika 8:30. Jumatatu mpaka Jumamosi, kuanzia saa hiyo mpaka saa tatu na nusu, kuingia ni bure kwa mtu mmoja mmoja, makundi ya watalii hayaruhusiwi, na wanataka ukimya. Baada ya hapo tiketi ni euro 13 na kupanda, na mabasi yanaanza kumwaga watu. Ratiba inaweza kubadilika siku za ibada kubwa kwa hiyo usiku wake chungulia kwenye tovuti yao. Hiyo saa moja ya bure ndo sababu nimesema ulale.

Wanaiita Mezquita-Catedral, msikiti na kanisa kuu kwa pamoja, na hapa ndo mahali pa kutumia akili na muda wako, pengine pote unaweza kukimbia ila si hapa. Kisa chake kinaanza na mkimbizi. Mwaka 750 ukoo wa Bani Umayya, watawala wa dola ya Kiislamu, ulipinduliwa kule Damascus na karibu wote wakauawa, kijana mmoja wa ukoo huo, Abd al-Rahman, akaponyoka, akapita Afrika Kaskazini akihangaika miaka, akaingia Hispania na kuishika Córdoba mwaka 756. Mwaka 785 akaanza kujenga huu msikiti. Ukiingia toka uani kwenye michungwa, unaanzia kwenye sehemu yake yeye.

Simama hapo kwanza usitoe simu. Angalia nguzo moja moja. Utaona hazifanani, hii ya kijani hii ya pinki hii ya kijivu, vichwa vyake navyo kila kimoja na nakshi yake. Ni kwa sababu nyingi zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi, watu waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, yaliyokuwa yameshaanguka, mafundi wakaokota kilichopo. Shida ikawa nguzo ni fupi na jengo ni kubwa, dari likikaa chini hivyo watu wote wale watakosa hewa na mwanga. Ndo wakabuni tao juu ya tao, la chini linashikilia nguzo zisiyumbe, la juu linabeba dari. Na yale mapande mekundu na meupe sio urembo wa rangi, ni tofali la kuchoma na jiwe vinapishana. Yaani ule mtindo unaopigwa picha na dunia nzima umezaliwa na ufupi wa vifaa, fundi yeyote wa Dom aliyewahi kuletewa nondo pungufu anajua hii hali.

Alafu tembea kuelekea kusini taratibu, unavyotembea ndivyo miaka inavyosogea. Wajukuu na vitukuu waliongeza, wa kwanza Abd al-Rahman wa pili karne ya 9, kisha al-Hakam wa pili miaka ya 960, huyu ndo aliyeacha mihrabu ile ya dhahabu, yaani kile kijumba cha ukutani kinachoonyesha upande wa kuswali. Sogea mpaka kwenye kizuizi uitazame, ni vijiwe vidogo vidogo vya kioo, na vililetwa na mafundi toka kwa mfalme wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, Mkristo, kumpelekea khalifa Mwislamu. Siasa za zamani nazo zilikuwa na mambo yake. Wenye jicho la kibla mtashtuka, sisi huku tunaelekea kaskazini, na kwa Córdoba Makka iko zaidi mashariki, lakini mihrabu ile imeelekea kusini. Wataalamu wana maelezo kadhaa na bado wanabishana.

Upanuzi wa mwisho ni wa al-Mansur, waziri aliyeshika madaraka kwa niaba ya khalifa, mwaka 987 hivi, na huu utautambua mwenyewe bila kuambiwa. Kusini kulikuwa na mto, magharibi kasri, akabakiwa na mashariki tu, ndo maana leo mihrabu haiko katikati ya jengo. Na angalia matao ya upande huo kwa karibu, ule wekundu ni rangi imepakwa juu ya jiwe, hakuna tofali. Kazi ya haraka haraka ya mkubwa mwenye vita vingi. Nguzo zilizobaki leo kwa jumla ni 856.

Sasa geukia katikati. Mwaka 1236 Mfalme Fernando wa tatu aliuteka mji na msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa siku hizo hizo, na kwa karibu miaka 300 hawakubomoa sana, waliabudu humo humo kati ya nguzo. Mwaka 1523 ndo askofu akaanza kuchomeka kanisa zima refu katikati ya msikiti, baraza la mji likapinga vikali, kesi ikafika kwa Mfalme Carlos wa tano naye akaruhusu bila kufika kuona. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuona alijuta. Mimi naona hivi, kanisa lenyewe ni zuri, viti vya wanakwaya vimechongwa mti wa mkangazi toka Amerika na ukikaa kimya unaweza kutumia nusu saa kwenye nakshi tu, na wapo wanaosema bila kanisa lile jengo lingeshabomolewa lote. Lakini mtu akisimama pale nguzo zinapokatika ghafla hawezi kusema hakuna kilichopotea. Nenda ukasimame hapo hapo kwenye mshono, uamue mwenyewe.

Mambo mawili ya adabu. Ni kanisa linalotumika, wanaume kofia zinavuliwa, hata kofia zetu za vitobo, ukiambiwa usigombane. Na Waislamu, kuswali humo hairuhusiwi, walinzi wanaangalia na watakusimamisha hata ukiinua mikono tu, kwa hiyo usijaribu ukaharibu siku yako. Mahali pa kuswali pa karibu na katikati ya mji ni kale kamsikiti kadogo El Morabito kwenye bustani ya Plaza de Colón, kwa miguu unafika. Mnara wa kengele nje, mita 54, unapandwa kwa tiketi yake, na ndani ya kuta zake umefunika mnara wa zamani wa adhana. Kama magoti yako mazima panda, kama sio, uani chini ya michungwa pananoga vilevile na ni bure.

Ukitoka hapo, kuna kina mama watakufuata na kijani cha rosemary wakikushikisha mkononi kama zawadi. Sio zawadi, wanasoma kiganja alafu wanadai hela na wanajua kukomaa. Mikono mfukoni, sema «no, gracias», tembea.

Kaskazini magharibi mwa msikiti ndo mtaa wa Wayahudi, Judería. Hapa ramani ya simu inachanganyikiwa, vichochoro ni vyembamba mpaka watu wawili wenye mabegi hawapishani vizuri, ila huwezi kupotea mbali, ukikuta ukuta wa mji umefika mwisho. Kuna kichochoro maarufu cha maua, Calleja de las Flores, mwisho wake ukigeuka unaona mnara wa kengele katikati ya vyungu. Kizuri ila kimejaa, pita upige picha moja uondoke. Tafuta barabara inaitwa Calle Judíos. Hapo kuna sinagogi la mwaka 1315, chumba kidogo tu chenye nakshi za plasta zinazofanana kabisa na za msikitini na maandishi ya Kiebrania yamezunguka kuta. Hispania nzima masinagogi ya zama hizo yaliyohifadhika vizuri ni machache sana, hili na mawili ya Toledo ndo yanayojulikana zaidi. Wayahudi walifukuzwa nchini mwaka 1492, jengo likawa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, baadae likashikwa na chama cha mafundi viatu, plasta ikafunikwa mpaka karne ya 19 ilipoanza kudondoka na maandishi yakaonekana.

Hatua chache kuna sanamu ya Musa bin Maimun, wazungu wanamwita Maimonides, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa mji huu, kiatu chake kinang'aa kwa kushikwa na watu wanaotafuta hekima. Wanafunzi wa UDOM wenye mitihani mnajua cha kufanya. Nje ya ukuta wa magharibi kuna geti la Almodóvar, pembeni yake sanamu ya Seneca, mwanafalsafa Mrumi, naye mzaliwa wa hapa hapa, na ukiufuata ukuta kushuka kusini unamkuta Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa 1126, amekaa na kitabu. Imamu al-Qurtubi, yule mfafanuzi wa Kurani anayetajwa kwenye darsa zetu, naye ni mtu wa mji huu. Kutembea toka Seneca mpaka Ibn Rushd ni dakika chache tu chini ya ukuta wenye maji pembeni, na asubuhi bado una kivuli.

Ukishuka zaidi unafika Alcázar, ngome ya wafalme Wakristo iliyojengwa 1328. Hapa ndo Columbus alionana na Malkia Isabel na mumewe Fernando (sio yule wa tatu) mwaka 1486 kuomba hela za safari, na jengo hilo hilo lilikaa makao ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka waliotuhumiwa kwenda kinyume na imani, zaidi ya miaka 300, baadae gereza. Vyumba vya ndani kiukweli ni vya kawaida ukiacha mosaiki za Kirumi, utamu wake ni bustani za nyuma, mabwawa na miti iliyokatwa umbo. Kama muda umebana ruka vyumba. Jirani ni mtaa wa San Basilio, nyumba zenye nyua zilizojaa vyungu vya maua ukutani. Nusu ya kwanza ya Mei wenye nyumba wanashindana, mashindano yana zaidi ya miaka 100 sasa, na milango inakuwa wazi bure. Mji unafurika siku hizo na vyumba vinapanda bei vibaya, kwa hiyo panga mapema au usiende kabisa Mei.

Saa nane mchana kila mtu anakula, na wewe kula. Cha kuanza nacho ni salmorejo, nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni vimesagwa mpaka vikawa kama uji mzito wa baridi, kwa joto lile kinashuka chenyewe. Wanapenda kunyunyizia nyama ya nguruwe juu, asiyekula aseme «sin jamón» kabla, sio baada. Flamenquín pia kaa nayo mbali, ni nguruwe. Biringanya za kukaanga na asali ya miwa ni salama na ni tamu, na tortilla ya viazi, hiyo hata nisipoeleza ukiiona utacheka, ni chipsi mayai iliyosoma. Kamgahawa Bar Santos, mkabala na ukuta wa msikiti, wanauza vipande vikubwa, watu wanakula wamekaa nje kwenye ngazi. Wanywaji, eneo la jirani Montilla-Moriles ndo kwenye mashamba ya zabibu, ulizeni glasi ya Pedro Ximénez, nyeusi na tamu sana, mje mtuambie sisi wenye zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka tunakwama wapi. Maji usinunue, ya bomba ni salama, beba chupa.

Baada ya hapo nenda kalale. Maduka yanafungwa, mitaa inakufa, hamna ujanja.

Saa kumi na mbili jioni ndo unaanza upande wa pili, mashariki, ambako makundi ya watalii hayafiki sana. Plaza del Potro ina chemchemi ya mwaka 1577 yenye mwanafarasi juu na nyumba ya zamani ya wageni ambayo sasa ni kituo cha flamenco, muziki na ngoma ya kusini mwa Hispania. Toka hapo panda mpaka Plaza de la Corredera, uwanja mkubwa wa mstatili wa karne ya 17 umezungukwa na nyumba za matao pande zote, walikuwa wanachezeshea ng'ombe hapo, sasa wanachezeshea watoto mpira huku wazazi wanakunywa. Panda tena kidogo tu unakutana na nguzo ndefu za hekalu la Kirumi zimesimama pembeni ya jengo la manispaa. Ziligunduliwa miaka ya 1950 walipokuwa wanapanua ofisi hizo hizo za manispaa, hebu fikiria unachimba msingi wa ofisi unakuta hekalu. Usiku zinawashwa taa na huhitaji tiketi, unaziona toka barabarani.

Kama miguu bado inadai, malizia Plaza de Capuchinos, kauwanja keupe kasikokuwa na mti wala duka, katikati msalaba wa mwaka 1794 umezungukwa na taa nane. Nenda baada ya saa nne usiku. Chakula cha jioni wao wanaanza saa tatu, kwa hiyo haujachelewa popote, na mji wa kale usiku una watu mpaka saa sita, ila simu na pochi mbele kama ungekuwa Kariakoo.

Ukibaki na nusu siku kesho yake, Medina Azahara, mji wa kasri wa Abd al-Rahman wa tatu ulioanzwa 936 na ukaharibiwa haujafikisha hata miaka 100. Huko sio kwa miguu, ni kama kilomita 8 nje ya mji, kuna basi toka mjini na lingine dogo toka makumbusho mpaka juu kwenye magofu. Jumatatu wamefunga. Beba kofia, miti ya kivuli ni ya kutafuta.